Uzi: BME280 nne zinaitika kwa anwani moja, 0x76. Msaada wa I2C, kitalu cha zabibu Hombolo

#1 miche_hombolo

Wakuu, habari za jioni.

Nina kitalu nyumba cha miche ya zabibu huku Hombolo, urefu mita 14. Nimefunga ESP32 moja (bodi ya kidhibiti kidogo) yenye vifaa hivi vya I2C (njia ya kuunganisha vifaa vingi kwa nyaya mbili, kila kimoja na anwani yake): BME280 nne za joto na unyevu (mbili kila upande, moja juu na moja usawa wa miche), BH1750 ya mwanga, saa ya DS3231 na LCD ya herufi 20 kwa mistari 4. Vyote vimeingia SDA (waya wa data) pini 21 na SCL (waya wa mapigo) pini 22.

Kila sensa ikiwa peke yake mezani inasoma vizuri. Nikiunganisha zote, programu ya kuskani inaleta hivi:

0x23
0x27
0x57
0x68
0x76

BME zipo nne, anwani ni moja. Hiyo 0x57 siijui inatoka wapi. Joto linasoma nyuzi 9 saa saba mchana, sekunde moja baadaye linaruka kwenda 41. Halafu BH1750, ambayo iko mwisho wa kebo ya LAN ya mita 12, kuna wakati inapotea kabisa kwenye orodha. Nimebadilisha sensa na maktaba ya programu, hali ni ileile. Naombeni mwongozo.

#2 fundi_nkuhungu

Mkuu, sensa zako ni nzima na skana haijakosea. Skana inaita anwani moja moja kisha inasikiliza kama kuna aliyeitika. Haihesabu wameitika wangapi. Ukiita "Juma" darasani na wapo akina Juma wanne, utasikia "naam" kubwa moja.

Kwenye waya kinatokea hiki. Katika I2C hakuna kifaa kinachosukuma laini kwenda juu. Rezista ndizo zinazoivuta juu. Kifaa kinaweza kuivuta chini au kuiachia, basi. Ukiita 0x76, BME zote nne zinavuta SDA chini kwenye mpigo wa tisa wa SCL, ESP32 inaona sifuri na kuandika "yupo". Ukituma mipangilio, zote nne zinaipokea. Mpaka hapo kila kitu kinaonekana sawa, na ndiyo maana tatizo hili linasumbua watu siku nzima.

Kasheshe ni kwenye kusoma. Zote zinajibu kwa pamoja, na biti yoyote ambayo hata sensa moja tu imeiweka 0, laini inasoma 0. Kwa hiyo namba unayoipata si ya sensa ya kwanza, na si wastani wa zote nne. Ni AND ya biti zao. Na BME280 ina namba za urekebishaji ambazo kiwandani huandikwa tofauti kwa kila chipu. Maktaba huzisoma mara moja wakati wa kuanza, hivyo nazo zimeshachanganyika kabla hujasoma joto lolote. Nyuzi 9 mchana wa Hombolo imetoka hapo.

Wengi huuliza: mbona maktaba haikulalamika? Kwa sababu inakagua rejista (nafasi ya kumbukumbu ndani ya chipu) 0xD0 yenye kitambulisho cha chipu. BME280 zote zina 0x60, na 0x60 AND 0x60 ni 0x60, kwa hiyo ukaguzi unapita. Ila ukiwahi kusoma 0x40 kwenye rejista hiyo, jua umeunganisha BME280 na BMP280 kwenye anwani moja: BMP280 ni 0x58, na 0x60 AND 0x58 ni 0x40. Kagua hilo kwa kila sensa peke yake kabla ya kuifunga, maana moduli za BMP280 zinauzwa sana kwa jina la BME280, na hizo hazina unyevu kabisa.

0x57 isikutie hofu. Moduli nyingi za DS3231 zina chipu ya pili, kumbukumbu ya AT24C32, na hiyo ndiyo anwani yake. Saa yenyewe ni 0x68.

#3 mikro_kisasa

Naongezea suluhisho, na sehemu ya kwanza haihitaji ununue kitu.

Anwani ya BME280 ni biti saba, 111011x. Sita za mwanzo zimefungwa, ya mwisho inafuata pini ya SDO. SDO ikiunganishwa na GND (hasi) ni 0x76, ikiunganishwa na 3.3V ni 0x77. Kwenye moduli yenye pini sita (VCC, GND, SCL, SDA, CSB, SDO) kwa kawaida kuna rezista inayoishusha SDO, kwa hiyo zote zinatoka na 0x76. Chukua mbili kati ya nne, unganisha SDO na VCC ya 3.3V. Usiiache SDO ikielea kwenye chipu tupu isiyo na rezista hiyo, anwani haitatabirika. Na CSB ibaki juu, ikishuka chipu inahamia SPI (njia nyingine ya mawasiliano) na haitarudi I2C mpaka uizime na kuiwasha.

Hapo una anwani mbili, sensa nne. ESP32 ina vidhibiti viwili vya I2C, tumia vyote:

```
#include <Wire.h>
#include <Adafruit_BME280.h>

Adafruit_BME280 masharikiChini, masharikiJuu;
Adafruit_BME280 magharibiChini, magharibiJuu;

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  Wire.begin(21, 22, 100000);
  Wire1.begin(25, 26, 100000);

  if (!masharikiChini.begin(0x76, &Wire))
    Serial.println("mashariki chini haijibu");
  if (!masharikiJuu.begin(0x77, &Wire))
    Serial.println("mashariki juu haijibu");
  if (!magharibiChini.begin(0x76, &Wire1))
    Serial.println("magharibi chini haijibu");
  if (!magharibiJuu.begin(0x77, &Wire1))
    Serial.println("magharibi juu haijibu");
}
```

Fanya hivi kwa mpangilio: funga sensa moja, skani, andika anwani kwenye tepu uibandike kwenye kebo, ndipo uongeze ya pili. Ukifunga zote kwa mpigo utarudi kwenye post namba 1.

Skana nayo iite kutoka 0x08 hadi 0x77 tu. Anwani za biti saba ni 128, lakini nane za mwanzo na nane za mwisho zimetengwa kwa kazi nyingine, zinabaki 112. Na skana ipite kwenye Wire na Wire1 zote mbili, la sivyo utadhani nusu ya sensa zimekufa.

#4 kondoa_saketi

Kuna njia nyingine kwa wenye bodi yenye I2C moja, kama Arduino Uno. Datashiti (karatasi ya maelezo ya kiwandani) ya BME280 inaruhusu SDO kubadilishwa chipu ikiwa inafanya kazi. Kwa hiyo unaunganisha SDO ya kila sensa na pini yake ya bodi, zote unaziweka juu (0x77), ukitaka kusoma moja unaishusha hiyo peke yake kwenda 0x76, unaisoma, unairudisha. Programu haiongei kamwe na 0x77. Uno ni ya 5V, kwa hiyo pini hizo nazo zipitie kibadilisha volti sawa na SDA na SCL.

Gharama yake: pini moja kwa kila sensa, na 0x77 isitumiwe na kitu kingine chochote. BMP180 hapo haiingii, yake ni 0x77 isiyobadilika.

#5 dada_rezista

Kaka kondoa_saketi, hiyo inafanya kazi, ila waya wa ziada kwa kila sensa kwenye kitalu cha mita 14 ni mzigo. Zikizidi nne ningechukua TCA9548A. Ni chipu yenye anwani yake (0x70 hadi 0x77 kwa pini A0, A1, A2) na inagawa laini moja kuwa matawi nane. Unaiandikia baiti moja inayosema tawi lipi lifunguke:

```
void chaguaTawi(uint8_t n) {
  Wire.beginTransmission(0x70);
  Wire.write(1 << n);
  Wire.endTransmission();
}
```

Mambo matatu yanayokwamisha watu. La kwanza, kifaa kilichofungwa kabla ya TCA kinaonekana kwenye matawi yote. Ukiacha BME moja ya 0x76 kwenye laini kuu, itagongana na ya kila tawi. La pili, kila tawi linahitaji rezista zake za kuvuta juu. Zile za laini kuu hazivuki wakati tawi limefungwa. La tatu, anayetumia PCA9685 ya kuendeshea mota za servo ajue kwamba chipu hiyo, mbali na 0x40 yake, huwashwa ikiitikia pia 0x70 kama anwani ya wote. Ukiandikia TCA kwenye 0x70, PCA nayo inapokea. Hamishia TCA kwenye 0x71 na yaishe.

#6 mgeni_bahi

Samahani kuingilia. Nina skrini ndogo ya OLED, nyuma imeandikwa 0x78 na 0x7A. Nikiweka 0x78 kwenye programu haiwaki. Skana inasema 0x3C. Niamini ipi?

#7 mikro_kisasa

Amini skana. Baiti ya kwanza kwenye waya ina biti saba za anwani, halafu ya nane inasema unaandika (0) au unasoma (1). Waliochapa 0x78 wamehesabu biti zote nane. Isogeze biti moja kulia: 0x78 inakuwa 0x3C, na 0x7A inakuwa 0x3D. Maktaba ya Wire inataka biti saba. Ukiona kwenye datashiti kifaa kimoja kimepewa "anwani ya kuandika" na "anwani ya kusoma" zilizofuatana, ujue ni mchezo huohuo.

LCD nazo: ile bodi ndogo ya nyuma ikiwa na PCF8574 anwani ni 0x20 hadi 0x27, ikiwa na PCF8574A ni 0x38 hadi 0x3F. Ndiyo maana mmoja atakwambia 0x27 na mwingine 0x3F, na wote wana haki.

#8 fundi_nkuhungu

Turudi kwenye BH1750 inayopotea, maana hilo halihusiani na anwani. 0x23 yako haigongani na chochote. Hiyo ni kebo.

Kiwango cha I2C kinaruhusu kapasitansi (uwezo wa waya kushika chaji) ya pikofaradi 400 kwa laini nzima. Kebo ya LAN ina kama pikofaradi 50 kwa mita, kwa hiyo mita 12 peke yake ni 600. Rezista ya kuvuta juu inatakiwa iijaze hiyo kila SDA inapoachiwa. Muda wa kupanda ni kama 0.85 × R × C: kwa kiloomu 4.7 na pikofaradi 600 unapata nanosekunde 2,400, wakati kwa kasi ya 100 kHz kikomo ni 1,000. Biti inasomwa kabla haijafika juu, BH1750 inaona 0 pasipo na 0, haitambui anwani yake, haiitiki, na inaonekana haipo.

Dawa ni hizi, nimezianza na inayosaidia zaidi:

Weka ESP32 katikati ya kitalu. Wire iende mashariki, Wire1 magharibi, hakuna tawi linalozidi mita 7. Hiyo ni takriban pikofaradi 350 pamoja na vifaa vyenyewe kidogo, bado uko karibu na kikomo ila uko ndani.

Shusha kasi. Joto unalisoma mara moja kwa dakika, hakuna haja ya 400 kHz wala hata 100. Weka 20000 kwenye Wire.begin.

Kwenye kebo, usisokote SDA na SCL kwenye jozi moja. SDA isokotwe na GND, SCL isokotwe na GND nyingine. Zikikaa jozi moja, mpigo wa SCL unaruka kwenda SDA.

Rezista: zima umeme, chomoa ESP32, pima kwa multimita kati ya SDA na VCC. Moduli nyingi huja na rezista zake, za kiloomu 4.7 au 10, na zote zinakaa sambamba. Moduli tatu za 4.7 na mbili za 10 zinakupa kama kiloomu 1.2. Kwa 3.3V usishuke chini ya omu 970 hivi, kwa sababu chipu ya kawaida imehakikishiwa kuvuta miliampia 3 tu; ikizidi hapo haiwezi kuishusha laini ikafika sifuri ya kueleweka. Ukikuta zimezidi, toa rezista za moduli moja au mbili kwa chuma cha kulehemu (soldering iron). Kwa tawi la mita 7, kati ya kiloomu 2 na 3 ni pazuri.

Soma pia namba anayorudisha Wire.endTransmission(). 0 ni sawa, 2 ni anwani haikuitikiwa, 3 ni anwani iliitikiwa lakini data ikakataliwa. Ukiona 2 na 0 zinapokezana kwa kifaa kilekile, acha kuchezea programu, nenda kwenye waya.

#9 miche_hombolo

Nimeelewa, asanteni sana wakuu. Nimebadilisha SDO za mbili na kutumia Wire1. Skana sasa inaleta 0x76 na 0x77 pande zote, na joto la sensa nne limepishana chini ya nyuzi moja zikiwa pamoja mezani.

Swali la nyongeza. Nje ya kitalu nina mistari ya zabibu, nataka sensa sita za unyevu wa udongo, ya mbali iko mita 150. Nitumie TCA?

#10 ihumwa_485

Hapana ndugu. TCA inatatua anwani, haitatui umbali. I2C imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vilivyo ndani ya boksi moja. Mita 150 shambani tumia RS-485 (mawasiliano ya nyaya mbili kwa umbali mrefu) na itifaki ya Modbus RTU, yaani lugha ya ujumbe inayopita juu yake. Sensa za udongo za aina hiyo zipo, zina nyaya nne: umeme, hasi, A na B.

Anwani zake ni 1 hadi 247. Sifuri ni ya kuita wote, wanatii lakini hakuna anayejibu. Sasa ugonjwa ni uleule wa BME: karibu zote zinatoka kiwandani zikiwa na anwani 1. Ukifunga sita bila kubadilisha, zote zitajibu kwa pamoja, na kwa kuwa RS-485 inasukuma juu na chini, baiti zinavurugika, CRC (namba ya kukagua makosa mwishoni mwa ujumbe) haikubali, programu inasema hakuna jibu. Utadhani waya umekatika.

Kwa hiyo, mezani, sensa MOJA MOJA:

Hakikisha inasoma kwa anwani 1. Tuma 01 03 00 00 00 01 84 0A. Baiti ya kwanza ni anwani, 03 ni kusoma, kisha rejista ya kuanzia, idadi, na baiti mbili za CRC. Isipojibu, badili kasi: nyingi ni 4800 au 9600. Bado? Geuza A na B. Watengenezaji hawakubaliani juu ya majina hayo, na kugeuza hakuunguzi kitu.

Badilisha anwani. Rejista yake iko kwenye karatasi ya sensa, na lazima uisome maana hutofautiana. Nyingi za udongo hutumia 0x07D0. Kuipa sensa anwani 11 unatuma 01 06 07 D0 00 0B C8 80. Inakurudishia ujumbe uleule.

Zima, washa, kisha uliza kwa anwani mpya: 0B 03 00 00 00 01 84 A0. Ikijibu, bandika namba 11 kwenye sensa na kwenye ncha ya pili ya kebo.

Nimeanzia 11 kwa makusudi. Anwani 1 iache wazi siku zote. Siku sensa ikifa na ukaleta mpya, itakuja na 1, na utaweza kuibadilisha ikiwa tayari imefungwa bila kugongana na mtu. Na usitume amri ya kubadili anwani kwa 0, utazipa zote anwani moja.

Kebo ipite kutoka sensa hadi sensa kwa mnyororo, isitawanyike kama nyota. Rezista ya omu 120 iwekwe ncha mbili tu za mnyororo, katikati hapana. Waya wa hasi uende pamoja na A na B. Ichimbie ndani ya bomba, panya wa mashambani huku hawachagui kebo, na msimu wa mvua weka kinga ya radi kwenye ncha inayoingia kwenye boksi.

#11 dada_rezista

Niongezee kwa ndugu ihumwa_485: usitumie moduli ya MAX485 (chipu ya kuunganisha bodi na RS-485) moja kwa moja na ESP32. Chipu hiyo ni ya 5V, pini ya RO (inayotoa data iliyopokelewa) itapeleka 5V kwenye pini ya 3.3V. Chukua MAX3485 au SP3485.

Pini za DE na RE (za kubadili kati ya kutuma na kupokea) ziunganishe pamoja kwenye pini moja ya ESP32. Ipandishe kabla ya kutuma, na ishushe baada ya Serial2.flush(), si mara tu baada ya write. Ukishusha mapema baiti ya mwisho ya CRC inakatwa na sensa inanyamaza. Ukichelewa, unapoteza mwanzo wa jibu. Makosa hayo mawili yanafanana na tatizo la anwani kwa asilimia zote, kwa hiyo yakague kwanza. Kati ya ujumbe mmoja na mwingine acha kimya cha herufi tatu na nusu. Kwa kasi ya 4800 ni kama milisekunde 8. Weka 20, hupotezi kitu.

#12 kondoa_saketi

Kwa upande wa kitalu kuna jambo halijasemwa. Umeme ukikatika kidogo na ESP32 ikajiwasha upya katikati ya kusoma, sensa inaweza kubaki imeshikilia SDA chini ikisubiri mipigo iliyobaki. Skana itatoa orodha tupu ingawa waya ni mzima. Kabla ya Wire.begin soma SDA. Ikiwa chini, pigisha SCL juu na chini hadi mara tisa mpaka SDA iachiwe. Fanya hivyo kwa pini 22 na 26 zote.

#13 miche_hombolo

Nimepanga hivi, naomba mnikague kabla sijachimba mtaro:

Wire (21, 22), mashariki: BME280 0x76, BME280 0x77, DS3231 0x68 na 0x57, LCD 0x27 kwa 5V.
Wire1 (25, 26), magharibi: BME280 0x76, BME280 0x77, BH1750 0x23.
Serial2 (16, 17), DE na RE pini 4: sensa za udongo 11 hadi 16, SP3485.
Kasi ya I2C 20000.

#14 fundi_nkuhungu

Anwani hazigongani popote. Rekebisha LCD tu. Ukiilisha 5V, rezista za kuvuta juu zilizoko kwenye bodi yake ya nyuma zitavuta SDA na SCL za Wire nzima kwenda 5V, na hapo ESP32 na BME zote mbili za mashariki ziko hatarini. Ama toa rezista hizo mbili kwenye bodi ya LCD, ama pitisha SDA na SCL zake kwenye kibadilisha volti cha BSS138. Kwa LCD ningechagua kibadilisha volti, kwa sababu PCF8574 ikilishwa 5V inataka angalau 3.5V ili ihesabu 1, na 3.3V haifiki hapo. Ikifanya kazi leo mezani, inaweza kukataa kesho boksi likipata joto.

DS3231 ilishe 3.3V.

#15 miche_hombolo

Nimepokea mkuu. Kibadilisha volti naagiza Dar kesho kije na basi. LCD naichomoa mpaka kifike.